Nuru, Bati na Kiganja: Umbo la Uso Katika Usanifu wa Vyombo

Kila chombo kinachotengenezwa na binadamu, kiwe jiko, gari, chupa au jahazi, hukutana na mtumiaji wake kwa uso kabla ya kukutana naye kwa kazi. Injini imefichwa chini ya boneti, moto umefichwa ndani ya kauri, na shehena imefichwa chini ya sitaha. Kinachoonekana na kushikika ni ngozi ya nje, na ni kwa ngozi hiyo mtu huamua, mara nyingi bila kujua kuwa ameamua, kwamba chombo hiki ni cha kuaminika na kile kina papara, kwamba hiki kimetulia na kile kinatishia. Kwa kuwa hukumu hiyo hupita haraka, watu wengi wameuchukulia uso kuwa ni pambo linaloongezwa kazi ikishakwisha. Msimamo wa tafakari hii ni tofauti: tabia ya chombo huzaliwa katika namna uso wake unavyopinda, na mpindo huo unatokana na makubaliano kati ya malighafi, zana, nuru na kiganja cha mtu, kiasi kwamba anayeubadilisha uso bila kuyajua makubaliano hayo hukiharibu chombo chenyewe. Neno uso linatumika hapa kwa maana ya hesabu ya maumbo, yaani eneo la nje la kitu lenye urefu na upana lakini lisilo na unene, na kwa hiyo rangi, nembo na michoro ya urembo vimewekwa kando.

Mwaka 1827 mwanahisabati Mjerumani Carl Friedrich Gauss alithibitisha jambo ambalo mafundi wa bati walikuwa wakiliishi kwa mikono yao tangu zamani, kwamba uso una aina ya mpindo isiyoweza kubadilishwa kwa kukunja peke yake. Bati bapa linaweza kuviringishwa likawa bomba, au likazungushwa likawa koni, bila kuvutwa wala kubanwa mahali popote, kwa sababu bomba na koni zimepinda upande mmoja tu na upande wa pili zimebaki na mstari ulionyooka. Lakini bati hilohilo haliwezi kuwa nusu ya tufe, wala umbo la tandiko la farasi, mpaka lilazimishwe kutanuka mahali pamoja na kusinyaa pengine. Na kwa sababu hiyohiyo hakuna ramani bapa ya dunia nzima isiyopotosha ukubwa au umbo la nchi. Uso wa aina ya kwanza unaweza kuitwa uso wa kukunjwa, na wa aina ya pili uso wa kuvutwa. Tofauti hii, inayoonekana kuwa ya darasani tu, ndiyo inayotenga vyombo vinavyoweza kutengenezwa kwa mkasi na nyundo na vile vinavyohitaji mashine za kukandamiza zenye nguvu ya mamia ya tani.

Jiko la mkaa lenye kauri ndani, lililoenea nchini Kenya kuanzia miaka ya 1980 na ambalo jamaa zake sasa hutengenezwa katika nchi nyingi za Afrika, ni mfano mzuri wa uso wa kukunjwa uliopewa tabia. Umbo lake la nje ni koni mbili zilizokatwa ncha na kuunganishwa kwenye upande mwembamba, ili katikati pawe na kiuno. Fundi wa Kamukunji jijini Nairobi huvikata vipande vya bati kwa mkasi, huviviringisha, huzikunja kingo zake na kuzibana kwa nyundo, na hakuna hatua inayomlazimu kulivuta bati lenyewe. Kiuno hicho hakikuwekwa kwa ajili ya kupendeza: koni ya juu huipokea kauri na kuizuia isishuke, na koni ya chini hulipa jiko kitako kipana lisije likapinduka ugali unaposongwa. Hata hivyo kiuno ndicho kilicholipa jiko hilo sura inayotambulika kwa mbali, hata likiwa limepakwa rangi yoyote, na kinachostahili kuzingatiwa ni kwamba sura hiyo haikutafutwa pembeni ya kazi, bali ilipatikana wakati fundi akijibu swali la uzito wa kauri, swali la mwiko na swali la bati lisilotaka kuvutwa.

Chungu cha udongo kinasimama upande wa pili wa mgawanyo huo, kwa kuwa udongo mbichi hukubali kuvutwa kokote. Kitako chake cha mviringo, ambacho mgeni angekidhania kuwa kasoro kwa vile hakisimami mezani, kimetokana na mafiga matatu, ambayo huushika uso wa mviringo kwa uthabiti hata yasipolingana kimo, na kimetokana pia na mwenendo wa udongo uliochomwa unapokutana na moto: pembe kali hukusanya mkazo pale upande mmoja unapopata joto kuliko mwingine, na ufa huanzia hapo, ilhali uso unaopinda sawasawa huugawa mkazo huo mwilini mote. Sufuria ya alumini yenye kitako bapa ni ya jiko lenye uso bapa na ya metali inayosambaza joto upesi. Vyombo hivi viwili hufanya kazi moja na vina tabia mbili, na hakuna kimoja kati yao kilichosanifiwa ili kionekane cha kienyeji au cha kisasa.

Mwili wa gari ndio mahali ambapo suala la uso limechunguzwa kwa undani zaidi, kwa kuwa gari ni chombo kikubwa, kinachong'aa, kinachotembea chini ya anga na kinachonunuliwa kwa gharama inayomlazimu mnunuzi akitazame kwa makini. Milango, boneti na paa hutengenezwa kwa bati la chuma ambalo kwa kawaida halifiki unene wa milimita moja, linalobanwa kati ya kalibu mbili, moja ikiwa ya kiume na nyingine ya kike, mpaka livutike na kushika umbo. Bati jembamba kiasi hicho, likiachwa bapa kabisa, hutetemeka gari linapotembea, hulia linapogongwa na hubonyea kwa kidole. Likipewa uvimbe mdogo, hata usioonekana kwa mtu asiyeutafuta, hukaza. Zaidi ya hapo, uso bapa uliopakwa rangi ya kung'aa huelekea kulidanganya jicho na kuonekana umebonyea. Kwa sababu hizo mbili, moja ya chuma na moja ya jicho, takribani kila mlango wa gari unaodhaniwa kuwa bapa kwa kweli umevimba kidogo. Uso uliovimba kuelekea nje huitwa mbinuko, na uliozama kuelekea ndani huitwa mbonyeo, na wasanifu wamejua tangu zamani kwamba maumbo haya hayazungumzi kwa sauti moja: mbinuko humpa mtazamaji hisia ya kitu kilichojaa, kana kwamba ipo nguvu ndani inayosukuma, ilhali mbonyeo humpa hisia ya nguvu iliyotoka nje ikakandamiza. Gari lililosanifiwa kwa mbinuko mtupu huonekana jema na zito kidogo. Gari lenye mbonyeo mwingi huonekana limekonda, lina wepesi na wakati mwingine lina hasira.

Nuru ndiyo inayoyatangaza hayo yote. Uso wa gari lililong'arishwa ni kioo, na jicho haliuoni uso wenyewe bali huiona dunia iliyopindishwa ndani yake: ukanda mweupe wa anga juu, ukanda mweusi wa ardhi chini, na mstari wa upeo ukipita ubavuni kati ya kanda hizo mbili. Kanuni ya uakisi, inayofundishwa katika fizikia ya sekondari, inasema kwamba kioo kikigeuka kwa digrii moja, mwale unaoakisiwa hugeuka kwa digrii mbili, na kwa hiyo kila kosa la uso hufika machoni likiwa limekuzwa. Hapo ndipo ulipo ugumu wa kazi hii na hapo ndipo ulipo uzuri wake. Msanifu wa mwili wa gari hafinyangi bati peke yake, anafinyanga njia ambayo nuru itapita juu ya bati, na kazi yake hukaguliwa upya kila gari linaposogea, kwa kuwa mstari wa upeo hutambaa juu ya mlango na kufichua kila mahali ambapo mkono wake ulisita.

Nyuso mbili zinapokutana, wasanifu hutofautisha ngazi tatu za muungano. Katika ngazi ya kwanza nyuso zinagusana tu, pana pembe mahali zinapokutana, na akisi inayofika hapo hukatika. Katika ngazi ya pili nyuso zinagusana na pia zinaelekea upande mmoja, kwa maana kwamba tanjenti, yaani mstari ulionyooka unaougusa mpindo mahali pamoja bila kuukata, ni ileile kwa pande zote mbili. Hakuna pembe inayoonekana, lakini akisi inayovuka mpaka huo hupata kona ya ghafla ambayo jicho huinasa mara moja. Katika ngazi ya tatu nyuso hushirikiana hata kiwango cha mpindo, yaani kasi ambayo uelekeo wa uso unabadilika kwa kila sentimita inayopitwa, na hapo akisi huvuka bila kona yoyote. Abiria wa basi linaloteremka kona za mlima Kitonga nchini Tanzania huifahamu tofauti ya ngazi hizi mbili za mwisho kwa mwili wake: dereva anayeuzungusha usukani taratibu humwingiza konani bila yeye kutambua kona ilianzia wapi, na dereva anayeukata ghafla humtupa ubavuni, ijapokuwa barabara ni ileile na mwendo ni uleule. Kisanduku cha plastiki cha bei nafuu huwa na kona iliyochorwa kwa robo ya duara iliyobandikwa kati ya mistari miwili iliyonyooka, na mpindo wake huruka kutoka sifuri hadi kiwango cha duara kwa hatua moja. Kona za simu na kompyuta za Apple hazichorwi hivyo. Mpindo wake huanza mbali, huongezeka kidogo kidogo, hufika kileleni na kushuka tena, na wanunuzi wasioweza kueleza tofauti hiyo kwa neno lolote huihisi vidoleni na huilipia.

Inafaa kukumbushwa kwamba ujuzi huu haukai katika maabara za makampuni makubwa peke yake. Fundi wa bodi anayenyoosha gari lililogongwa, awe Gerezani jijini Dar es Salaam au katika mtaa wa Grogan jijini Nairobi, huutumia kila siku. Akishapaka puti na kuipiga msasa, hupitisha kiganja kilichonyooka juu ya bati kwa mwendo mrefu, mara nyingi macho yake yakiwa pengine, kwa sababu kiganja hunasa bonde ambalo jicho halilioni kabla ya rangi. Kisha huinama karibu na bati na kutazama jinsi nuru inavyotambaa juu yake. Viwanda vya magari hufanya jambo hilohilo kwa gharama kubwa zaidi, vikiyapitisha magari mapya chini ya safu za taa ndefu, na programu za kompyuta huiga taa hizo kwa kuuchora uso wa kifaa ukiwa na michirizi myeupe na myeusi ya punda milia, ili msanifu aone mahali ambapo michirizi inavunjika. Fundi wa mtaani na mhandisi wa kiwandani wanasoma kitabu kimoja, na ni dhuluma kwamba mmoja wao huitwa mtaalamu na mwingine huitwa fundi tu.

Kabla ya kompyuta, na kwa kiasi kikubwa hata baada yake, maumbo ya magari yalitafutwa kwa udongo. Harley Earl, aliyeongoza idara mpya ya usanifu ya General Motors kuanzia mwaka 1927, ndiye aliyeufanya udongo wa kufinyangia kuwa njia ya kawaida ya kazi hiyo nchini Marekani. Udongo huo si ule wa mtoni. Ni mchanganyiko wenye nta na mafuta, unaolainika ukipashwa joto na kukaza ukipoa, unaokubali kuongezwa na kukwanguliwa mara nyingi bila kuharibika. Gari zima hufinyangwa kwa ukubwa wake halisi, na umbo linapokaribia kukamilika hufunikwa kwa utando mwembamba unaong'aa, ili nuru ianze kutoa hukumu yake kabla ya chuma kukatwa. Inaeleza mengi kwamba viwanda vyenye kompyuta zenye nguvu kuliko zote bado vinatunza vyumba vya udongo na kuwalipa wafinyanzi. Kioo cha kompyuta humwonyesha msanifu picha ya uso, na picha haina ukubwa wa mwili wa mtu, wala haimruhusu kuuzunguka kwa miguu na kuinama.

Historia ya mpindo wenyewe inapita baharini. Waunda meli wa Ulaya walikuwa wakichora mbavu za meli sakafuni kwa ukubwa wake halisi kwa kutumia utepe mwembamba wa mbao uliopindishwa na kushikiliwa na vipande vizito vya risasi, kwa kuwa utepe wa namna hiyo, ukiachiwa kati ya vizito hivyo, hupinda kwa njia inayohitaji juhudi ndogo kabisa, na njia hiyo haina miruko. Mafundi wa majahazi wa pwani ya Afrika Mashariki, katika visiwa vya Lamu, Pemba na Unguja, waliufikia ukweli uo huo bila kuchora. Mataruma, yaani mbavu za chombo, huchongwa kwa tezo kutoka katika miti iliyojipinda yenyewe ilipokuwa ikikua, na ubao mrefu unapofungwa juu yake kutoka omo hadi tezi hugeuka kuwa mkaguzi: taruma lililochomoza huusukuma ubao ukatoa nundu, lililopungua huacha pengo, na fundi huyaona yote mawili kwa kusimama kwenye ncha ya chombo na kutazama kwa jicho moja urefu wake wote. Mwili wa jahazi una utulivu ule unaosifiwa na kila mgeni kwa sababu mti haukubali kupindishwa kwa ghafla, nao umemfundisha fundi kutoutaka ughafla huo.

Utepe wa mbao uligeuzwa kuwa hesabu nchini Ufaransa. Paul de Casteljau, mwanahisabati aliyefanya kazi Citroën, alipata mwaka 1959 njia ya kuchora mpindo laini kwa kutumia nukta chache za kuongozea, ambazo mchoraji anapozisogeza mpindo hufuata bila kuvunjika. Kampuni yake iliifanya njia hiyo siri. Pierre Bézier, mhandisi wa Renault, aliifikia njia yenye matokeo yaleyale kwa jitihada zake mwenyewe, akachapisha kazi yake katika miaka ya 1960, na mipindo hiyo ikabaki na jina lake; leo huchora magari, ndege na hata herufi katika kompyuta nyingi. Jambo lililokuja pamoja na hesabu hiyo halikutajwa sana wakati ule. Mti ulikuwa na kikomo, udongo ulikuwa na uzito, na vyote viwili viliukataa upuuzi. Nukta ya kompyuta haikatai chochote.

Magari machache yanaweza kuonyesha jinsi uso ulivyobeba fikra za nyakati zake. Citroën DS, iliyoonyeshwa Paris mwezi Oktoba 1955, ilifinyangwa na Flaminio Bertoni, Mwitalia aliyekuwa mchongaji wa sanamu, na uso wake hushuka kutoka puani hadi mkiani bila kituo, kiasi kwamba mwandishi Roland Barthes, katika kitabu chake *Mythologies* cha mwaka 1957, alilitengea gari hilo sura nzima na kuzingatia namna watu walivyokuwa wakiyagusa maungio yake ukumbini. Peugeot 504 ya mwaka 1968, iliyochorwa na Pininfarina, ilijulikana vyema zaidi Afrika Mashariki, ambako ilikuwa teksi, gari la ofisi na mshindi wa mashindano ya Safari Rally ya mwaka 1975 na 1978. Uso wake umetulia kote isipokuwa mahali pamoja, ambapo kifuniko cha buti huvunjika kwa mkunjo mmoja na kuteremka, na mkunjo huo pekee, kwa kuwa umezungukwa na ukimya, unatosha kulitambulisha gari hilo kutoka upande wowote wa barabara. Kisha ukaja wakati wa Giorgetto Giugiaro, aliyeichora Volkswagen Golf ya mwaka 1974 kwa nyuso zinazokaribia ubapa na kingo zilizo wazi, na Fiat Panda ya mwaka 1980, ambayo hata vioo vyake vilikuwa bapa ili vigharimu kidogo. Panda ni gari la unyofu wa pekee, kwa maana linaonekana rahisi kwa sababu ni rahisi.

Chris Bangle, Mmarekani aliyeongoza usanifu wa BMW kuanzia mwaka 1992 hadi 2009, alilifungua tena suala zima kwa namna iliyowagawa watu. Katika gari la Z4 la mwaka 2002 mbinuko na mbonyeo viliwekwa ubavuni kwa kupokezana, vikitenganishwa na mikunjo inayotokeza na kupotea, ili akisi zisitambae kwa utulivu bali zipinduke na kukimbia, na mtindo huo ukapewa jina la miale ya moto. Watu wengi waliuchukia. Kwa haki, ni lazima isemwe kwamba Z4 ilikuwa kazi ya watu waliojua walichokuwa wakifanya: kila mkunjo ulikuwa na chanzo na mwisho, na kila mbonyeo ulikuwa na mbinuko wa kuujibu. Mwaka 2008 Bangle na wenzake walionyesha gari la majaribio lililoitwa GINA, ambalo ngozi yake ilikuwa ya kitambaa kilichotandazwa juu ya mifupa inayosogea, na kitambaa kilipovutwa mikunjo ilitokea mahali nguvu zilipopita na si kwingine.

Wafuasi wa Bangle waliichukua mikunjo na kuziacha sababu. Magari mengi ya miaka ya karibuni yamejaa mistari mikali milangoni, mabonde yasiyo na maji na matundu ya bandia kwenye bampa yasiyopitisha hewa, na ingawa ni kweli kwamba mkunjo hulikaza bati jembamba na humsaidia mtengenezaji kupunguza uzito, idadi ya mikunjo hiyo imepita mahitaji ya bati lolote. Uso wa namna hiyo huchosha kwa sababu hauna mahali pa kupumzika. Kila sehemu inadai kutazamwa, na mtazamaji hana anachokikumbuka akigeuka. Ukali umechukuliwa kuwa ndio tabia, kumbe ukali ni tabia moja tu kati ya nyingi, tena ndiyo rahisi kuliko zote kuigiza.

Dumu la lita 20, ambalo katika Afrika Mashariki ni kipimo cha maji kabla ya kuwa chombo, linaonyesha jinsi mikunjo inavyoweza kuwa na ukweli. Babu yake ni kopo la chuma lililobuniwa Ujerumani mwaka 1937 kwa ajili ya mafuta ya jeshi. Lilikuwa na mishikio mitatu, ili mtu mmoja aweze kubeba makopo mawili matupu kwa mkono mmoja na watu wawili waweze kushirikiana kubeba moja lililojaa, na ubavuni lilikuwa na bonde lenye umbo la msalaba wa kulala. Msalaba huo uliukaza ubavu usiyumbe, na uliuwezesha kutanuka mafuta yalipopata joto. Dumu la plastiki la leo limepoteza mara nyingi mishikio miwili kati ya ile mitatu, na mama au mtoto anayelibeba likiwa limejaa analipa gharama ya upungufu huo kwa vidole vyake, kwani kilo 20 zinaning'inia kwenye mshikio mmoja mwembamba ambao uso wake wa chini mara nyingi umeachwa na ukingo wa kalibu. Hapa ndipo suala la uso linapoacha kuwa la kupendeza macho. Ukingo wa milimita moja, ambao kalibu iliyotengenezwa kwa uangalifu ingeuondoa, hukata viganja vya watu kila siku.

Kiganja kina madai yake, na wapo waliowahi kuyasikiliza. Chupa ya Coca-Cola ilibuniwa mwaka 1915 katika kiwanda cha Root Glass mjini Terre Haute, Indiana, kwa sharti kwamba mtu aitambue kwa kuipapasa gizani, au hata akiiona imevunjika chini. Wabunifu waliiga migongo ya tunda la kakao, na chupa ya kwanza, iliyokuwa na tumbo pana mno, ilibidi ipunguzwe ili isianguke kwenye mitambo ya kujazia. Kikokotoo cha Braun ET66 cha mwaka 1987, kazi ya Dietrich Lubs na Dieter Rams, kilipewa vitufe vya mviringo vyenye mbinuko, ili ncha ya kidole ijue katikati ya kila kitufe bila macho kusaidia. Kiti cha plastiki cha kipande kimoja, kinachopangwa kwa mamia katika harusi na misiba ya Afrika Mashariki, kilianza kuchukua sura yake na kiti cha Henry Massonnet cha mwaka 1972 nchini Ufaransa. Plastiki yake ni nyembamba, na kinachombeba mtu ni mpindo wa mgongo na mkunjo wa miguu. Kiti hiki hudharauliwa kwa bei yake, lakini kwa hesabu ya uso ni kazi ya akili kubwa kuliko makochi mengi ya bei ghali yanayowekwa jukwaani kwa wageni wa heshima.

Viwanda vya plastiki na karakana za bati za Afrika Mashariki vinatengeneza vyombo ambavyo watu hushika tangu alfajiri hadi usiku, na mara nyingi umbo la vyombo hivyo huchukuliwa kutoka katika kalibu iliyonunuliwa ng'ambo bila mtu kuuliza kwa nini uso umepinda pale na si hapa. Vyuo vya ufundi, vya VETA nchini Tanzania na vya aina hiyo nchini Kenya na Uganda, hufundisha kupima, kukata na kuunganisha, na hufundisha vizuri. Kusoma uso kunaachwa kwa mwanafunzi ajiokotee mwenyewe gereji. Walimu wa vyuo hivyo wanaombwa waupe usomaji huo wa uso nafasi katika ratiba yao: mwanafunzi apewe kipande cha bati kilichong'arishwa, taa moja ndefu na muda wa kutosha wa kutazama na kupapasa kabla hajakabidhiwa programu ya kuchorea, na fundi wa bodi mwenye uzoefu wa miaka mingi aalikwe darasani kumwongoza, kwa malipo ya mwalimu.